Usinunue Kinanda kwa Kusikiliza Demo

Kitufe cha Demo kimeuza vinanda vingi kuliko muuzaji yeyote wa Kariakoo. Mwenyekiti wa kwaya, mhazini na mama mmoja wa kamati wanaingia dukani na hela ya michango. Kijana wa dukani anakibonyeza kitufe hicho, mara matarumbeta yanalia, magitaa yanajibu, ngoma zinashuka, utadhani bendi nzima imejificha chini ya kaunta. Wanatazamana. Mhazini anauliza bei. Mpaka hapo hakuna aliyegusa hata ufunguo mmoja.

Mimi hupiga kinanda kwenye kumbi za harusi Jumamosi na kanisani Jumapili, na katikati ya wiki nafundisha watoto nyumbani Tabata. Kwa sababu hiyo naitwa mara kwa mara: "Mwalimu, twende ukatuchagulie." Naenda, ila sharti langu ni kwamba Demo isibonyezwe. Ule ni wimbo uliopangwa na wataalamu wa kampuni kwa zile sauti chache ambazo kinanda hicho kinazitoa vizuri kuliko zote. Wewe hutaupiga kamwe. Wewe utapiga sebene la kumwingiza bibi harusi, utapiga chakacha, utapiga pambio ambalo mwimbaji amelianzisha bila kukuuliza. Hayo ndiyo ya kujaribu dukani.

Nazungumzia vinanda vya biti, siyo piano. Mkono wa kushoto unabonyeza kodi, yaani noti tatu au nne kwa pamoja, na mashine yenyewe inaleta ngoma, besi, gitaa na vayolini zinazoifuata kodi hiyo. Ukihama C kwenda F, besi inahama nawe. Mkono wa kulia unabaki huru kupiga wimbo. Biti nzima wapigaji tunaiita staili. Ndani yake mna Intro ya kuanzia, mizunguko kadhaa inayozidi kuchangamka, vipande vya ngoma vya kuunganishia, na Ending ya kufungia. Asiyejua kodi anaweza kuanza kwa kidole kimoja au viwili, maana karibu vinanda vyote vya kujifunzia vina njia hiyo ya mkato. Mtu mmoja anasimama mbele ya wageni mia tatu na sauti inatoka ya watu sita. Ndiyo maana wenye kumbi wanavipenda na wapiga ngoma hawavipendi.

Biti hizo zinatoka mbali. Mwaka 1981 Casio walitoa kinanda kidogo kinachoitwa MT-40, na midundo yake ilitengenezwa na binti wa Kijapani, Hiroko Okuda, aliyekuwa ametoka chuo cha muziki si muda mrefu. Mdundo wake mmoja, uliokusudiwa kuwa wa roki, uliangukia mikononi mwa vijana wa Jamaika. Mwaka 1985 Wayne Smith na prodyuza King Jammy wakautolea wimbo Under Mi Sleng Teng, na rege ya huko ikageuka kuanzia siku hiyo. Hapa Dar es Salaam nako vijana wa uswahilini walichukua vinanda vya Casio vya namna hiyo hiyo, ambavyo wengine waliviona midoli ya watoto, wakavipitisha kwenye amplifaya za kuchonga wenyewe na spika za honi, wakaongeza ngoma, ukazaliwa mchiriku. Jagwa Music wameufikisha Ulaya. Vijana wa Jamaika na wa Dar walifanya jambo moja: hawakukubali kupiga vile kinanda kilivyotaka wapige.

Na hilo ndilo naliweka mbele kabla ya jina la kampuni, kabla ya idadi ya sauti, kabla hata ya bei. Je, kinanda hiki kitakubali biti yako?

Fungua orodha ya staili ya kinanda chochote dukani. Utakuta valsi, polka, muziki wa kauboi, disko, rumba ya ukumbini Ulaya, bosa nova ya Brazili. Vizuri, lakini chakacha haipo. Sebene halipo, au lipo kwa jina tu na linachechemea. Ile ngoma ya snea inayoitwa kavacha, ambayo Zaiko Langa Langa wa Kinshasa waliisambaza miaka ya 1970 mpaka ikawa mali ya Afrika Mashariki yote, utaitafuta sana. Mpigaji asiye na njia ya kuiingiza anaishia kuweka staili ya samba na kuomba Mungu wageni wasinyanyue shingo.

Kuna ngazi tatu hapa. Ya chini kabisa ni kinanda kisichopokea chochote: alichokiweka mtengenezaji ndicho hicho hicho mpaka kife. Ya pili ni kile kinachopokea staili kutoka nje kwa flashi au kwa waya wa kompyuta lakini hakikuruhusu kutunga. Yamaha za daraja la E, kama PSR-E473, ziko hapa. Ya tatu ni kile chenye karakana yake ndani, unatunga staili palepale. Yamaha PSR-SX600 na wakubwa zake wanayo, Korg za ukoo wa Pa wanayo, na Casio CT-X3000 na CT-X5000 nazo zina sehemu ya kuhariri midundo. Kama unapiga kwa malipo, usishuke chini ya ngazi ya pili, na ukiweza ingia ya tatu.

Nieleze sebene linavyoingia kwenye Yamaha, kwa sababu wengi hudhani ni kazi ya wahandisi. Staili ina mistari minane: miwili ya ngoma, mmoja wa besi, miwili ya kodi, mmoja wa sauti ndefu za nyuma, na miwili ya virembesho. Nafungua ukurasa mtupu wa pau mbili, kasi 128. Mstari wa kwanza wa ngoma naweka snea na hai-hati tu, napiga kwa vidole viwili mpaka ijisikie kama mtu aliyekaa kwenye stuli. Wa pili naweka ngoma kubwa na kayamba. Nikifika kwenye besi nakumbuka sheria moja inayowaangusha wengi: kinanda kinachukulia kwamba unarekodi juu ya kodi ya C kubwa yenye noti ya saba. Shikilia C, E, G na B, ongeza D na A kwa uangalifu, lakini F iache. Ukiipiga F hapo utaisikia tamu, na siku utakapobonyeza kodi ndogo katikati ya harusi, besi itatoa noti ya ajabu na watu watakutazama. Baada ya besi naweka gitaa la ridhimu mstari wa kodi ya kwanza, na gitaa la mi-solo mstari wa kodi ya pili, yale magitaa mawili yasikanyagane: moja likisema jingine linyamaze. Sauti ya gitaa iwe kavu, bila mwangwi mwingi. Basi. Nahifadhi, nabadilisha kodi kushoto, na bendi inanifuata.

Chakacha inataka hesabu nyingine kwa sababu inakwenda kwa sita kwa nane. Kinanda kikikataa hesabu hiyo, ichukue kama nne kwa nne ambayo kila pigo limegawanywa mara tatu. Pau mbili za chakacha zinaingia humo bila kubakiza. Cha kuangalia ni pale kinanda kinaponyoosha makosa ya muda: kiambie kinyooshe kwa vitatu, la sivyo kitaivuta chakacha yako iwe machi ya askari.

Wapiga taarabu wana swali la ziada. Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905, na tangu zamani taarabu ya Zanzibar imesikiliza Misri. Ndani ya makamu za Kiarabu mna noti ambazo haziko kwenye piano: katika rasti ya C, kwa mfano, E na B zinashuka robo, yaani nusu ya hatua kati ya ufunguo mweupe na mweusi. Mpiga vayolini anateleza tu kidole. Mpiga kinanda akibonyeza E kamili anakosea, akibonyeza E bemoli anakosea vilevile, na mwimbaji anabaki peke yake juu. Rusha roho ya vikundi kama East African Melody na Jahazi Modern Taarab imejengwa juu ya kinanda, na nyimbo zake nyingi hazidai robo hizo, kwa hiyo wengine wataishi bila. Lakini ukitaka kupiga zile za wazee, ulizia kama kinanda kinaweza kushusha noti moja moja. Korg za toleo la Mashariki zina vitufe vya kazi hiyo usoni kabisa. Yamaha SX zinayo ndani ya menyu, na Yamaha wametoa pia PSR-A5000 mahsusi kwa wapiga muziki wa Kiarabu. Kijana wa dukani akikwambia "vyote ni sawa, kaka", mwambie akushushie E hapo hapo usikie.

Sasa namba za kwenye boksi. PSR-SX600 ina staili 415. Kaka yake mkubwa SX700, ambaye bei yake iko juu zaidi, ana 400. Anayenunua kwa kuhesabu atachukua yule mdogo na kujiona mjanja, kumbe tofauti iko kwenye ubora wa sauti zenyewe, kioo cha kugusa kwa kidole na vishikio vya kuongozea. Sauti mia sita au elfu moja hazina maana kwako kama gitaa, saksofoni na ogani unazozitumia kila wiki ni mbovu. Mimi hujaribu sauti tano tu dukani, zile zile kila duka.

Namba moja tu naiheshimu: noti ngapi kinanda kinaweza kulia kwa wakati mmoja. Vinanda vya bei nafuu vina 48 au 64. Daraja la SX lina 128. Ukipiga mkono mmoja nyumbani hutaona tofauti. Lakini washa staili nene, tandaza vayolini juu ya piano, kanyaga pedali: kila chombo kinakula noti zake, na zikiisha kinanda kinazima za zamani ili kupisha mpya. Utasikia piano inakatika katikati kama inameza mate. Ukumbini hutajua imetoka wapi, utamlaumu fundi mitambo.

Na tufike kwa fundi mitambo, maana huyo ndiye anayeamua kama kinanda chako kitasikika. Geuza kinanda uangalie mgongo wake kabla ya kuangalia uso. PSR-E373 na E473 zinafanana kwa mbali, zote zina funguo 61, lakini ya kwanza ina tundu moja tu la kutolea sauti, ambalo ni la hedifoni na la spika kwa pamoja, wakati ya pili ina matundu mawili ya kutolea sauti, kushoto na kulia, na juu yake tundu la maikrofoni. Kwa nyumbani E373 inatosha kabisa. Kwa ukumbi, ongeza hela uchukue E473. Tundu la hedifoni ni la sauti mbili, na ukichomeka waya wa gitaa wa kawaida humo, upande mmoja unapotea. Mara nyingi unapotea na gitaa lako la sebene. Kwenye vinanda vyenye matundu mawili kuna jambo dogo lenye faida: mixa ikiwa na nafasi moja tu, chomeka kwenye lile la kushoto (L) peke yake, na kinanda kitakuchanganyia pande zote mbili.

Kitufe cha pili kwa thamani, baada ya kile cha kuhifadhi, ni Transpose. Wako wapigaji wanaokidharau, wanasema ni cha wavivu. Waje Jumapili. Kwaya imefanya mazoezi Do ikiwa G, nota zimeandikwa hivyo, mama wa sauti ya kwanza ameamka na mafua, na mwalimu wa kwaya ananinong'oneza, "Shusha mbili." Nabonyeza mara mbili, naendelea kwa vidole vilevile. Mtu aliyesoma piano miaka kumi atahamisha kichwani, na nampa heshima yake, ila wengi wetu hatujafika huko na ibada haisubiri. Angalia tu kwamba kitufe hicho kiko usoni, siyo ndani ya menyu ya tatu, na kwamba namba yake inaonekana gizani. Kukisahau kikiwa kimeshuka ni aibu ya wimbo unaofuata.

Kile cha kuhifadhi ndicho Registration. Kinashika sauti, staili, kasi na ujazo kwa pamoja, ili ubonyeze mara moja badala ya mara saba huku MC anatangaza keki. Kinanda kinachohifadhi seti hizo kwenye flashi ni bora zaidi, kwa sababu umeme ukikatika ukiwa hujahifadhi, kila ulichopanga mchana kimekwenda. Na umeme utakatika. Jenereta la ukumbini likishika, kinanda kikubwa kinachukua muda kuamka, na huo muda ni mrefu sana ukiwa jukwaani. Hapo vinanda vidogo vinawashinda wakubwa: vya daraja la E na Casio nyingi hukubali betri sita na vina spika zao tumboni. Nimepiga ibada nzima kwa betri, kwaya imekisogelea kinanda, na hakuna aliyetoka nje.

Wengi hawajui kwamba vile vya bei kubwa kabisa, Yamaha Genos au Korg Pa5X, havina spika ndani. Ukimnunulia babu Genos ya sebuleni, siku ya kwanza atakiwasha na kitakaa kimya mpaka umnunulie spika. Uzito nao usiuache. E473 ni kilo 7, unaipakia kwenye bajaji ukaishika mapajani. SX900 ni kilo 11 na nusu, Genos ni 13, na hapo hujaweka stendi wala begi. Anayetoka Tabata kwenda Mbagala usiku na kurudi alfajiri anaijua tofauti ya kilo nne begani.

Nyumbani mambo yanageuka. Mzazi anayeniuliza, "Mwalimu, nimnunulie kipi huyu mtoto?" namuuliza mtoto anataka kufanya nini. Kama ni kupiga nyimbo na kufurahi, kinanda cha biti chenye funguo zinazosikia nguvu ya kidole kinatosha, na biti zinamfundisha kukaa kwenye muda kuliko ninavyoweza mimi kwa kupiga makofi. Kinanda ambacho ukigonga taratibu au kwa nguvu sauti ni ileile, kiache dukani hata kama kina taa za rangi. Kama mtoto atafanya mitihani ya piano, funguo 61 nyepesi hazitamfikisha. Vidole vinazoea wepesi na siku ya piano halisi vinashindwa kusukuma. Kuna njia ya kati: Yamaha DGX-670 ina funguo 88 zenye uzito wa piano na staili zake humo humo. Lakini ina kilo 21 na ushee, hiyo ukishaiweka sebuleni imehamia. Usiiote kwa harusi.

Hedifoni mnunulie siku hiyo hiyo. Jirani atastahimili wimbo mmoja kwa siku tatu, siyo zaidi.

Kwa hela ya SX900 moja mpya unapata E473 kadhaa, na hapo ndipo watu wanapokimbilia vya mtumba. Sina ubaya navyo. Wapigaji wengi ninaowajua wanakula kwa kinanda kilichotumika. Ila kuna mambo ya kufuata. Kinanda kilichotoka Japani kimetengenezwa kwa umeme wa volti 100, na cha Marekani kwa 120. Kwetu ukuta unatoa 230. Kama kinatumia adapta ya nje, unaweza kubadilisha adapta ukaendelea, mradi volti na mkondo vilingane na maandishi ya nyuma ya kinanda. Usiamini kwamba tundu likiingia basi umeme ni sawa: adapta nyingi za Yamaha ndogo ni volti 12, za Casio mpya nyingi ni 9.5. Lakini kama waya wa ukuta unaingia moja kwa moja kwenye mwili wa kinanda, tafuta kibandiko cha volti kabla hujachomeka popote. Kikisema 100, bei yake ihesabu pamoja na mashine ya kushushia umeme, na ujue siku moja mtu wa ukumbini atakichomeka ukutani wewe ukiwa chooni.

Halafu zima biti, chagua piano, anza ufunguo wa chini kabisa mpaka wa juu, kila mmoja mara mbili: taratibu, kisha kwa nguvu. Chini ya funguo kuna vipande vya mpira vyenye kaboni, na vikichoka ufunguo mmoja utapiga kelele hata ukiugusa kwa unyoya, au utakaa kimya. Mara nyingi ni zile za katikati na zile za kushoto zilizobonyezwa kodi miaka yote. Fundi mzuri anaweza kuvisafisha au kuvibadilisha, kwa hiyo siyo sababu ya kukikataa, ni sababu ya kushusha bei. Zungusha kitasa cha sauti usikilize kama kinakwaruza. Chomeka flashi yako, hifadhi kitu, zima, washa, kisome tena. Chomeka pedali. Tikisa waya kwenye tundu la kutolea sauti huku ukishikilia kodi. Tundu lililolegea litakata na kurudi.

Kazi hiyo inachukua kama nusu saa, na muuzaji anayekukatalia nusu saa amekwishakujibu.